Nyayo Ndani ya Kompyuta ya Mwalimu

"Hivi wewe Biasha, mtu kakuletea kompyuta umwekee programu moja tu, mbona unakaa nayo kutwa nzima kama mgonjwa wa kulazwa?"

Aliyeuliza hivyo ni Zulfa, fundi cherehani, ambaye mlango wake unatazamana na mlango wa Biasha hapa mjini Nachingwea. Mimi nilikuwa katikati yao na karai langu la maandazi, kwa hiyo nilisikia vizuri. Biasha hakuinua hata uso.

"Nafagia kwanza, dada Zulfa."

"Unafagia nini? Humo ndani kuna majani?"

"Nafagia uwanja. Mgeni akiingia, nione kakanyaga wapi."

Zulfa alicheka mpaka nguo ikamponyoka kwenye cherehani. "Mama Kasmiri," akaniita mimi, "umemsikia mwenzetu? Wenzake wanapiga windo, mtu hajamaliza chai kompyuta yake iko tayari. Huyu anafagia!"

Nami nikacheka, maana Zulfa akicheka huwezi kumwacha acheke peke yake. Ila jibu lile lilinikaa. Baadaye, wateja walipopungua, nikamuuliza Biasha maana yake, naye akanieleza habari za bibi yake.

Biasha binti Mbaruku ni mtu wa Likunja, upande wa Ruangwa. Alilelewa na bibi yake mzaa baba, Bibi Saada, aliyekuwa mkulima wa korosho na ufuta kama watu wote wa kule. Bibi huyo kila asubuhi kabla hajaenda shamba alifagia uwanja wote wa nyumba. Alianzia mlangoni akawa anarudi kinyumenyume hadi njiani, hata nyayo zake mwenyewe asiziache. Jioni akirudi hakuingia moja kwa moja. Alisimama pembeni ya uwanja, jembe begani, akausoma. Hapa kapita mbuzi wa jirani. Hapa kuku. Huyu mtu mzima, kavaa kandambili, kaja hadi mlangoni, kasimama, kaondoka bila kuzunguka nyumba.

Wajukuu walidhani bibi anatafuta wezi. Siku moja Biasha akamuuliza. Bibi akamjibu, "Mwizi aniibie nini mimi? Natafuta mwenye shida. Mtu aliyekuja asinikute ana neno lake. Nisipojua kama alikuja, ataona nimemdharau." Na kweli, jioni ile ile alikuwa akienda kwa watu, anauliza kwa upole, "Ulipita kwangu leo? Kwema?"

Mimi ni mkristo na Bibi Saada alikuwa mwislamu, Mungu amrehemu, lakini nilipoyasikia hayo nilijiambia, huyu mama alikuwa anaswali hata akiwa ameshika ufagio.

Sasa Biasha alikwenda chuo cha ufundi akasomea kompyuta. Kule alifundishwa kuweka programu. Kutazama programu inafanya nini ikishaingia, hilo alijifunza kwa machozi ya wateja. Mtu anakuja, "Tangu uniwekee ile ya kuandikia, printa haitoi." Mwingine, "Mbona siku hizi inachukua muda kuwaka?" Naye akawa anabahatisha tu, maana hakujua uwanja ulikuwaje kabla ya mgeni.

Ndipo akakumbuka ufagio wa bibi. Siku hizi kabla ya kuweka programu yoyote anapiga kwanza kile anachokiita picha. Si picha ya simu. Ana programu ndogo inayopita kompyuta nzima na kuandika kila kilichomo: mafaili yapi yapo, mipangilio ikoje, vitu gani vinaamka kompyuta ikiwashwa. Halafu anaweka ile programu mpya, anazima, anawasha, anapiga picha ya pili. Kisha anazilaza picha mbili pamoja, na kompyuta yenyewe inamwonyesha tofauti: hiki kimeongezeka, hiki kimeondoka, hiki kilikuwa hivi sasa kiko vile.

Mimi nimeishia darasa la saba, na nilielewa mara moja, kwa sababu uwanja uliofagiwa naujua. Na mambo anayoyaona humo yanachekesha. Programu inabisha hodi, inasema nimekuja kukuandikia barua tu. Ukitazama nyayo, imekuja na shemeji zake wawili, imebadilisha ukurasa unaofunguka kwanza, na imeiambia kompyuta iiamshe kila siku asubuhi kabla ya wote.

"Si zote mbaya," Biasha huwa anasema. "Mgeni akileta mkeka wake si kosa. Ila mwenye nyumba ajue mkeka ni wa nani."

Haya nimeyaeleza ili nifike kwa Mwalimu Nicholaus.

Mwalimu Nicholaus anakaa kijiji cha Mtua. Alinifundisha mimi shule ya msingi, enzi hizo macho yake mazima na chaki yake haikosei mtu wa dawati la nyuma. Uzeeni macho yakafifia, yakazimika. Ni katekista wa kigango chao, na padri anafika pale mara chache, kwa hiyo Jumapili nyingi mwalimu ndiye anayeongoza ibada. Baada ya kupofuka alikuwa anasomewa masomo na mtu yeyote atakayepatikana. Akikosekana mtu, anakaa anasubiri. Aliwahi kuniambia, "Mama Kasmiri, kusomewa si kusoma. Anayekusomea akichoka, na wewe umechoka, hata kama hujachoka."

Mimi ndiye niliyempeleka Biasha kwake, kama miaka miwili iliyopita. Biasha akamwekea kwenye kompyuta programu inayosema. Mwalimu akibonyeza, sauti inamsomea kilichoandikwa. Akiandika, inamtajia herufi. Mwanzoni sauti ile iliyatamka majina ya kwetu kama mzungu aliyeshuka ndege jana. Mwalimu akaifundisha jina moja moja, Nachingwea, Malolo, Likunja, majina ya wakristo wake, mpaka ikasema kama mtu wa hapa. Alikuwa akiisifu kama mwanafunzi aliyefaulu. Tangu hapo akawa anajisomea Maandiko, anaandaa mafundisho ya watoto wa komunyo, anawaandikia watu barua zao. Akarudi kuwa mwalimu.

Sasa mwaka huu, korosho zikiwa zimeanza kuanguka, nikapata simu. Alikuwa Tabitha, binti wa mwalimu, anayeishi Ruangwa. Alikuwa amekuja kumtazama baba yake.

"Mama Kasmiri, ile kompyuta ya baba imekuwa bubu. Wiki nzima. Tumebadilisha spika, wapi. Fundi mmoja kaniambia dawa yake ni kupiga windo. Kesho naondoka nayo Ruangwa, wakaisafishe, watoto wangu watasomea. Baba kachoka, na kompyuta imemchosha zaidi. Nimeshaongea na jirani atakuwa anamsomea Jumamosi Jumamosi."

"Mwalimu mwenyewe anasemaje?"

"Hasemi. Amekaa tu."

Nikavuka njia nikamwambia Biasha. Kwa wasiojua, kupiga windo ni kufuta kila kitu na kuipanga kompyuta upya kama imetoka dukani. Huku kwetu ndiyo dawa ya magonjwa yote. Biasha akashika kiuno.

"Wakipiga windo, ile sauti inaondoka. Programu naweza kuiweka tena. Lakini majina yote aliyoifundisha mwalimu yanafutika. Na ikishafika kwa watoto Ruangwa, mama, hairudi Mtua." Akawa tayari anakusanya vitu vyake kwenye begi, pamoja na kompyuta yake ndogo ya mkononi. "Tunakwenda asubuhi."

Zulfa akapaza sauti kutoka mlangoni kwake, "Usisahau ufagio!"

"Ninao, dada. Baki unipokelee wateja, uwaambie nimelazwa na mgonjwa."

Kulipokucha tukapanda bodaboda, yeye ya mbele na mimi ya nyuma. Tulipofika nikabisha, "Tumsifu Yesu Kristo!"

"Milele amina," sauti ya mwalimu ikajibu, lakini ndogo. Alikuwa sebuleni, kompyuta mbele yake imewashwa, mikono kaiweka magotini. Tabitha alikuwa anafunga begi.

"Shikamoo mwalimu," Biasha akasema.

"Marahaba, binti Mbaruku. Umekuja kuzika?"

"Nimekuja kumwamsha, mwalimu. Hajafa huyu."

"Haya. Ila useme mapema, maana mwenzako hapa ameshapata jeneza," akasema mwalimu, akielekeza kidevu upande lilikokuwa begi la Tabitha. Tabitha akacheka, na nikaona macho yake yana maji. Alimpenda baba yake, huyo binti. Kumwona amekaa mbele ya kioo kisichosema kulimuumiza, akaona bora kitu kiondoke machoni pake.

Biasha akakaa. Alikuwa na picha ya kompyuta ile, aliyoipiga siku alipoweka ile sauti. Akapiga picha nyingine ya siku hiyo, akazilaza pamoja. Nilichungulia begani kwake: mistari ilikuwa mingi kama siafu. Katika miaka miwili kompyuta inajisasisha yenyewe, na kila ikijisasisha inaacha nyayo.

"Uwanja umekanyagwa na kijiji kizima," akasema. Ila hakuonekana kuogopa. "Basi sitatazama nyayo zote. Tatizo letu ni sauti. Natazama zilizopita karibu na sauti."

Akawa anashusha mistari, anashusha, akasimama. "Mwalimu, humu ndani una spika ngapi?"

"Hizo hizo mbili unazoziona wewe, mimi sizioni."

"Kompyuta inasema ina njia mbili za kutolea sauti. Moja ni hii ya spika. Ya pili haipo kwenye picha yangu ya zamani. Na sauti yako yote inapelekwa kwenye hiyo ya pili, ambayo haina spika. Mwalimu, kompyuta yako inasema wiki nzima. Inasemea chumba kisicho na mtu."

Akabonyeza, akarudisha njia ya zamani. Na ile sauti, kwa haraka yake ile ile, ikaanza kusoma kilichokuwa kwenye kioo. Mwalimu akainua mikono yote miwili kutoka magotini. Mimi nikafanya ishara ya msalaba.

"Ngojeni kwanza," Biasha akasema. Akazima kompyuta, akaiwasha tena.

Kimya.

Akabonyeza huku na huku. Kimya. Njia ilikuwa imejirudisha yenyewe kule kule kusiko na spika.

"Unaona?" Tabitha akasema kwa sauti ya chini. "Ndivyo itakavyokuwa. Leo inasema, kesho inanyamaza, na wewe uko Nachingwea. Baba atakuwa anaishi kwa wasiwasi. Dada, niachie tu niende nayo."

Mwalimu akageuza uso upande wa Biasha. Mkono wake ulikuwa umeshika ukingo wa meza.

"Dada Tabitha, nipe mpaka mchana," Biasha akasema. "Hili limenisaidia. Sasa najua kuna kitu kinachoamka pamoja na kompyuta na kuhamisha sauti. Nikishajua kinaamka, nitajua kinapolala. Mwalimu, nani aliweka kitu humu?"

"Hakuna mtu. Naishi peke yangu, kompyuta hii haigusi mtu."

"Hata ulipokuwa hupo?"

"Wiki iliyopita nilikuwa hospitali Nachingwea kupimwa presha, wakanilaza. Lakini nyumba ilifungwa. Ufunguo alikuwa nao Geofrey, maana kanzu za kwaya zinatunzwa humu."

Tukatazamana. Geofrey ndiye kiongozi wa kwaya ya kigango. Nikampigia mimi mwenyewe. Alifika na baiskeli, jasho linamtoka, akaamkia watu wote, na alipoiona kompyuta katikati ya sebule akaanza kujieleza kabla hajaulizwa.

"Mwalimu, tulirekodi tu. Nyimbo za somo wa kigango, yule mtakatifu wetu. Kompyuta ni hii moja. Nikaweka programu ya kurekodia kutoka kwenye flashi, tukaimba, nikahamisha nyimbo, kisha nikafuta. Haki ya Mungu nilifuta folda lote! Nilitaka ukirudi ukute kama ulivyoacha."

"Kwa nini hukuniambia?" mwalimu akauliza.

Geofrey akatazama chini. "Nilijua hutaona tofauti."

Mwalimu hakukasirika. Alimuuliza kwa sauti ile ile aliyokuwa akituulizia hesabu za kichwa.

"Geofrey, ukiingia chumbani kwa kipofu ukahamisha kiti, umemfanyaje?"

"Nimemwangusha, mwalimu."

"Basi. Kaa chini, umepata."

Biasha alikuwa ameshanyosha mkono. "Kaka Geofrey, hiyo flashi unayo?"

Alikuwa nayo kwenye mnyororo wa funguo. Na hapa ndipo nilipomwona Biasha alivyo fundi. Hakuichomeka kwenye kompyuta ya mwalimu. Alitoa ile yake ndogo kwenye begi, ambayo haina kitu ndani, ameiweka tupu kwa kazi hiyo.

"Uwanja wa mwalimu umechafuka, nyayo za mgeni huyu zimechanganyika na za wengine," akatueleza. "Kwa hiyo namkaribisha mgeni yule yule kwenye uwanja mtupu, nimwone anavyotembea."

Akapiga picha. Akaweka ile programu ya kurekodia. Akazima, akawasha, akapiga picha ya pili, akazilaza. Safari hii mistari ilikuwa michache, hata mimi ningeweza kuifuata kwa kidole.

"Njoo uone, kaka Geofrey. Hili ndilo folda lako ulilofuta. Ulifuta kweli, hujasema uongo. Lakini mgeni hakulala kwenye folda hilo tu. Huku, mbali kabisa, kaweka njia yake ya sauti, ya kurekodia. Na huku kaiambia kompyuta, kila ukiwaka uniamshe, nishike sauti. Wewe ulimfukuza sebuleni, yeye alikuwa na kitanda jikoni."

"Na kwa kuwa nilifuta folda…"

"Ulifuta na mlango wake wa kutokea. Kila programu inakuja na njia ya kuitoa vizuri. Ungeitoa kwa njia hiyo, ingebeba vyake vyote. Watu wengi tunafuta tunachokiona, tunadhani kimekwisha."

Tabitha alikuwa ameacha begi, amesogea. "Kwa hiyo hivyo viwili ndivyo vilivyobaki kwa baba?"

"Tutazame."

Akarudi kwenye kompyuta ya mwalimu, akaenda moja kwa moja mahali pale pawili, kama mtu anayejua njia ya kisima. Vyote viwili vilikuwepo. Kabla ya kuvitoa alipiga picha nyingine, ili akikosea aweze kurudisha kila kitu kilipokuwa. Akatoa cha kwanza. Akatoa cha pili. Akarudisha sauti kwenye spika. Akazima.

"Mwalimu, washa wewe mwenyewe."

Mwalimu akapapasa, akabonyeza. Tukasubiri. Mimi nilikuwa na rozari mfukoni, sikuitoa, niliishika tu. Kisha sauti ikatoka. Mwalimu hakuiamini. Akazima mwenyewe, akawasha tena, ikatoka. Akazima kwa mara nyingine, Tabitha akasema, "Baba, utaiua kweli sasa," naye akajibu, "Niache, nahakikisha mwanafunzi wangu hadanganyi." Ikatoka.

Ndipo akafungua masomo ya Jumapili. Sauti ikamsomea mstari, naye akaurudia kwa sauti yake ya katekista, nene, ile inayofika hadi mlango wa nyuma wa kanisa. Mstari mwingine, akaurudia. Halafu akafungua orodha ya watoto wake wa komunyo, ikaanza kuwataja kwa majina, na kila jina likatamkwa kama mama mtu anavyoliita jioni. Tabitha aliketi kwenye mkeka akajifuta uso kwa ncha ya khanga. Kisha akaanza kulifungua lile begi, akatoa spika za zamani alizokuwa ameshazipakia, akamwekea baba yake mezani.

"Basi ibaki," akasema. "Huyo jirani nitamwambia aje kwa chai, siyo kwa kusoma."

Geofrey akauliza kwa woga, "Na nyimbo tulizorekodi, hazijaharibika?"

"Zako ziko salama kwenye flashi," Biasha akamjibu. "Na mkitaka kurekodi tena, inawezekana hata kwenye kompyuta hii hii. Nitaiweka mimi, niishike isiguse sauti ya mwalimu."

"Besi zenu zilikuwa zinachelewa," mwalimu akasema. Geofrey akashtuka. "Habari zake ninazo. Jirani yangu aliwasikia, akaniambia; nilidhani mlikuwa kanisani."

Tukacheka wote, hata Geofrey. Tabitha akaenda kupika ugali, na sisi tukabaki hapo. Mwalimu akageukia upande wa Biasha, akanyosha mkono mpaka akaupata wa Biasha.

"Binti yangu, umenirudishia macho niliyokuwa nimebakiwa nayo. Niambie unataka nini kwangu. Usiseme hakuna."

"Kwako sina ombi, mwalimu," Biasha akasema. "Ninalo kwa hawa wengine." Akawatazama Geofrey na Tabitha aliyekuwa amesimama mlangoni na mwiko, na mimi pia akanitazama. Hakupaza sauti.

"Naomba mtu yeyote akitaka kuweka kitu kwenye kompyuta ya mwalimu, au kukitoa, amwulize mwalimu kwanza, na asiguse mpaka mwalimu mwenyewe akubali."